Yaya, lile goli sikumwambia Papa

Yaya,

Kaka yangu mkubwa, Jumamosi nimeona tena kikosi chako cha Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi, kwenye kundi la familia. Watu kumi na mmoja, mishale miwili, na namba kumi umemtupa pembeni kushoto kana kwamba ana mapafu ya mtoto wa miaka kumi na saba. Nusu saa baadaye nikaweka cha kwangu. Mama akatuma sauti, ile yake inayoanza na kikohozi: "Nyinyi wawili munakutana humu kila juma. Hata kusalimiana munashindwa?" Wewe ukaweka kidole gumba. Mimi sikuweka kitu.

Basi nakusalimia hapa mbele za watu, kwa kuwa simu yangu huipokei. Jambo, Yaya. Kolwezi habari?

Pesa ya kuondoa matanga imefika, aksanti. Mbuzi wawili tutapata na turubai tutakodi. Lakini uliituma kwa simu ya mke wangu. Yeye ndiye aliyenionyesha, amesimama mlangoni, hajui kama acheke au anihurumie. Mimi ni mdogo wako, tumelala kitanda kimoja mpaka ulipooa, leo napewa habari zako kama jirani.

Nimeambiwa bado unasema nilimdanganya Papa, baba yetu. Ulisema mara ya kwanza kwenye kilio, tarehe 4 Januari, wanaume wamezunguka moto, simu tatu zinaonyesha Mazembe wanavyopigwa 3-1 na Yanga kule Dar es Salaam. Papa ana siku mbili tangu afariki. Mtu mmoja akasema heri mzee hakuona hii. Ukajibu, kwa ile sauti yako ya uwanjani: "Hata ile ya kwanza na Yanga hakuiona. Huyu hapa alimupa bongo." Bongo, yaani uongo. Watu wakanigeukia. Noko, mjomba wetu, akaweka kikombe chini. Nikainuka kwenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Sikujibu siku ile. Leo najibu.

Unakumbuka vifuniko. Sukari ilipomaliza macho yake, Papa alikataa redio. Alisema mtangazaji anafuata mpira kama mbwa anavyofuata mfupa, na yeye anataka kujua wale wasio na mpira wako wapi. Ni wewe uliyetafuta dawa, na hilo sitakunyang'anya hata tukigombana mpaka kaburini: sinia la Mama, vifuniko ishirini na viwili vya chupa, vyetu meno juu, vyao meno chini. Wewe ulikuwa unasogeza, yeye anapapasa. "Beki wa kushoto iko wapi? Mbali hivi? Murudishe!" Kana kwamba ukirudisha kifuniko, na yule mtu kule uwanjani Kamalondo atarudi. Mara mbili tatu alirudi kweli, tukacheka mpaka Mama akatufukuza sebuleni.

Na kulikuwa na lile jambo la kelele. Kutoka kwetu Kenya (wasomaji wa mbali, Kenya ni komini, sehemu ya mji wa Lubumbashi, si nchi ya watu), upepo ukiwa mzuri, kelele za uwanja wa Kamalondo zinafika kabla ya picha ya televisheni. Sisi wenye macho tunatazama mtu bado anaweka mpira chini, Papa kipofu amekwisha kuinua mkono: "Goli!" Sekunde kadhaa, halafu na sisi tunaona.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu, maana wewe unataka watu waamini ulikuwa ugomvi wa uongo na ukweli. Ulianza kama ugomvi wa kiungo wa tatu.

Miezi ile ya Novemba na Desemba 2024 mji mzima ulikuwa kocha. Tulikuwa tumetoka nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwezi wa nne mwaka uleule, 0-0 hapa na Al Ahly, 3-0 kule Cairo, na kila mtu alidhani makundi yatakuwa chai. Tukaanza na MC Alger hapa nyumbani, 0-0. Tukapoteza Nouakchott mbele ya Al Hilal, watu wa Sudan ambao vita ilikuwa imewatoa kwao, walikuwa wanakopa uwanja wa Mauritania na bado walishinda. Mechi mbili, pointi moja. Kwa kinyozi, kwenye michopo ya nyama choma, nje ya misa, timu zinapangwa. Wewe ulitoka Kolwezi ijumaa ile na karatasi mfukoni. Washambuliaji wawili, mabeki wa pembeni wapande, tufunge manne. Mimi nikasema hapana: viungo watatu, tupate moja, tufunge mlango.

Ulinipiga na 2010, kama kawaida yako. Fainali ya Afrika, Espérance walikula 5-0 hapahapa, Tunis tukaenda kutembea, 1-1. Mwezi wa kumi na mbili tuko Abu Dhabi, Pachuca 1-0, Internacional ya Brazil 2-0, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu za dunia. Hata ile 3-0 ya Inter ya Italia haikutuuma. Usiku wa Internacional Papa aliruka kwa matako uani kama Kidiaba, kipa wetu, na shati lake la kwenda kanisani, wewe ukimshika mkono asianguke.

Nami nikakujibu na 2009. Fainali tena, Heartland ya Nigeria walitufunga 2-1 kule Owerri. Hapa tulipata goli moja, tena la kujifunga wao wenyewe, tukalinda, filimbi, kombe letu kwa lile goli la ugenini. Moja! Hujawahi kunijibu hilo. Unabadilisha mazungumzo.

Papa alitusikiliza, halafu akatufungia mjadala na Lomé, nilijua tu. Kombe la Afrika la 1968, Mazembe bado wanaitwa Englebert. Étoile Filante ya Togo wanakuja Kinshasa, wanakula 5-0. Marudiano Lomé, tunafungwa 4-1. Kombe tulibeba, 6-4 ukijumlisha, lakini Papa hakuwahi kuyasamehe yale manne, na wakati mwingine niliona anayakumbuka zaidi kuliko kombe lenyewe. Lile la 1967 hakulihesabu kwa moyo wote, kwa sababu baada ya sare mbili na Asante Kotoko, mechi ya tatu Kotoko hawakutokea. "Lile tulilingojea tu," alikuwa anasema. Lomé ndiyo ilikuwa shule yake. Akaweka kidole kwenye sinia, kwenye mlango wetu: "Ukifunga mulango hapa mapema, batakufunga goli hapahapa. Mukubwa yako iko na haki."

Ukacheka. Nakumbuka meno yako yote.

Tarehe 14 Desemba, saa tisa, Yanga wako Kamalondo. Wewe kwenye kigoda, sinia magotini mwa Papa, mimi nyuma yenu na sindano yake ya insulini. Tukatangulia kwa goli moja. Kelele zilifika kwanza, Papa akainua mkono, picha ikafuata. Kipindi cha pili timu ikarudi nyuma. Hata mimi niliona kwamba imerudi mno, lakini sikusema, kwa sababu ulikuwa unanitazama badala ya kutazama mpira. Kila Yanga walipopanda ulisogeza vifuniko vyao kwa nguvu, tak, tak, kama mtu anayecheza kisolo, lile bao letu, na adui. Papa akawa anasema polepole, "Toka kidogo, bana yangu, toka kidogo."

Dakika za nyongeza, Dube akasawazisha.

Hukumwambia Papa. Wewe ndiye uliyekuwa macho yake, Yaya, na neno la kwanza lililokutoka lilikuwa kwangu: "Unaona? Unaona mulango yako?" Ukasimama. Goti lako likapiga sinia, vifuniko vikamwagika saruji yote, na ile sauti mimi naisikia mpaka leo nikifungua soda. Ukachukua funguo za gari. Ukasema hukuja kilomita mia tatu kukaa na watu wasiojua mpira. Papa amenyoosha mikono yote miwili hewani, anatafuta sinia lilipokuwa. "Nini? Ni nini? Nani alifunga?" Gari ikawaka. Ulikwenda zako.

Nikushauri kitu, ingawa wewe ndiye mkubwa. Ukiwa na hasira, kaa. Mtu anayesimama na hasira daima anagonga kitu ambacho hakukasirikia. Kaa, kunywa maji, hesabu vifuniko. Mimi nilijifunza kukaa. Nilikaa miaka minne katika nyumba ile: sindano asubuhi, sindano jioni, kumpeleka chooni, kumsomea bei ya shaba kwenye simu, maana mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi, hata akipofuka anataka kujua bei ya shaba. Wewe ulikuwa unakuja na karatasi ya kikosi na kilo tano za unga, wote wanakushangilia, Jumapili jioni umeondoka. Sikulaumu, kazi ni kazi. Nasema tu kwamba mtu anayekaa siku zote anajua nini mzee anaweza kubeba na nini hawezi, na siku ile sukari yake ilikuwa juu, daktari alikuwa ametuambia asikasirishwe, na

Nimefuta hapa mistari sita. Ilikuwa inanipendeza mimi peke yangu.

Basi nikapiga magoti, nikaokota vifuniko. Viwili viliingia chini ya kabati, sikuvipata. Nikapanga vilivyobaki kama nilivyokuwa nataka vipangwe toka ijumaa: viungo watatu, mabeki wanne, mlango umefungwa. Nikachukua mikono yake nikaiweka juu. Nikasema, "Imekwisha, Papa. Moja kwa sifuri. Yaya amekasirika tu na mwamuzi."

Kwenye kilio ulisema nilifanya hivyo ili nisionekane nimeshindwa. Mbele ya noko ulisema. Yaya, mtu anayemwokotea baba yake vifuniko chini ana wakati wa kufikiria ushindi? Lakini mke wangu ameniuliza swali, nami sijapata jibu lake: mbona, kama ilikuwa huruma tu, hukurudisha vifuniko kama Yaya alivyokuwa amevipanga?

(Na kwa kumbukumbu: kufunga mlango halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kufunga mlango na kuacha dirisha la kulia wazi. Beki wa kulia alikuwa amechoka tangu dakika ya sabini, jambo ambalo nililisema, na Mama ni shahidi. Tulimaliza wa mwisho kwenye kundi na pointi tano. Washambuliaji wako wawili wangetupa sita? Haya.)

Kuna kipande ambacho wewe hukijui, ulikuwa umekwisha kufika barabara ya Likasi.

Papa alipapasa vifuniko muda mrefu. Akafika kwenye viungo watatu, akatulia. Akasema, "Muzuri." Halafu akainua uso kuelekea dirishani, ule upande wa Kamalondo. Unajua mji huu ukishinda unavyokuwa: honi, sufuria, watoto, hata mlevi wa kona anapiga filimbi yake. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa tu na yule jirani wetu shabiki wa Lupopo, wapinzani wetu wa hapa mjini, na kicheko chake cha watu wa reli, ambacho alikikata katikati, nadhani alikumbuka mzee ni mgonjwa.

"Juu ya nini bantu bananyamaza?" Papa akauliza.

Nikasema, "Bamekata umeme, Papa. Mutaa muzima."

Alikaa. Mimi nimesimama na vifuniko viwili pungufu, nashukuru Mungu kwa akili ya haraka aliyonipa. Kisha akageuza kichwa kidogo upande wa jikoni, kama alivyokuwa anafanya kelele za uwanja zikifika kabla yetu, akasema, "Basi niletee maji, mwana. Yale ya baridi."

Nikaenda kuyaleta. Ni nilipofika pale, mkono kwenye mlango wake, ndipo nikasikia friji inavyonguruma.