Ukuta Unaolia: Lipu ya Saruji na Afya ya Nyumba Kongwe

Mara tu baada ya masika ya mwaka jana, mama mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, alituita sisi mafundi tumpakie rangi chumba cha kulala, ikiwa ni mara ya tatu katika muda wa miaka minne. "Wanangu, ukuta huu unalia," alituambia, akatuonesha rangi iliyotuna kama malengelenge, na nyuma ya kabati, kuvu jeusi lililopanda hadi usawa wa kiuno. Mjukuu wake aliyelala humo alikuwa na kikohozi kisichokwisha. Tuligonga ukuta kwa mpini wa mwiko, ukaitika kwa sauti ya utupu. Tulipobandua lipu ya saruji, chokaa ya zamani iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imelainika kama uji mzito, na chumvi imejikusanya mfano wa unga wa ngano.

Rangi hatukupaka. Kuta za nyumba nyingi za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nazo huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Mawe hayo yana vitundu vingi, kwa hiyo hufyonza maji ya ardhini na ya mvua, jambo ambalo wajenzi wa zamani walilijua vyema, ndipo wakapiga lipu ya chokaa, ambayo huuachia unyevu utoke taratibu na kukaushwa na upepo. Saruji ni ngumu na hupitisha unyevu kwa shida. Maji yaliyozoea kutoka hunaswa ndani, hupanda juu zaidi yakibeba chumvi, na yakifika kwenye vichwa vya boriti za mikoko huziozesha mahali ambapo hakuna anayepaona. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake, mlango wa mwisho wa unyevu umefungwa. Hatumlaumu sana fundi aliyetangulia, kwani saruji hupatikana kila duka, hushika haraka, na mwenye nyumba huona ukuta wake umenyooka siku ileile.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likaeleza kwamba wakazi wa nyumba za namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya njia ya hewa, pumu ikiwemo. Kama kikohozi cha yule mtoto kilitokana na ukuta, hilo ni la daktari kuamua. Letu lilikuwa kumhamishia kitanda chumba kingine siku hiyohiyo.

Wateja hutuuliza pia kama chokaa ni rafiki wa mazingira, na jibu letu si la mkato. Chokaa huchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, ilhali tanuri la saruji hufikia takriban 1,450, na chokaa inapokomaa ukutani hufyonza tena sehemu ya hewa ya kaboni iliyotolewa wakati wa kuichoma. Hata hivyo, tanuri za kienyeji hula kuni nyingi mno, na matumbawe yaliyong'olewa baharini ili yachomwe kuwa chokaa yalikuwa makazi ya samaki. Kwa sababu hiyo hatubandui lipu ya zamani ya chokaa iliyo nzima hata kidogo, ingawa tungelipwa zaidi kwa kuibandua yote.

Kazi yenyewe inataka subira. Kwanza tunatafuta maji yanakotoka, iwe ni bomba linalovuja, mfereji wa paa ulioziba au ua uliosakafiwa kwa saruji hadi kwenye msingi, kwa kuwa chokaa haitibu uvujaji. Kisha ukuta uliobanduliwa huachwa wazi ukauke, pengine kwa miezi, na ndiyo maana tunapendelea kuanza wakati wa kipupwe. Lipu hupigwa kwa matabaka membamba yasiyozidi sentimita moja, kila tabaka likinyunyiziwa maji lisikauke upesi na kupasuka, na mwishoni hupakwa chokaa badala ya rangi ya plastiki. Chokaa hiyo itaacha vumbi jeupe kwenye shati la anayeegemea, na itahitaji kurudiwa baada ya miaka michache. Mteja asiyeweza kuvumilia hayo tunamweleza mapema.

Nyumba mpya za matofali ya saruji ni habari nyingine. Humo kuvu mara nyingi huletwa na chumba chenye dirisha upande mmoja tu, ambalo nalo hufungwa mchana kutwa kwa ajili ya kiyoyozi, na tiba yake huenda ikawa kutoboa tundu la hewa upande wa pili.

Bei hatutaji kwa simu. Tunakuja kuugonga ukuta kwanza, na tunaomba kabati lisogezwe kabla hatujafika.