Asante, kaka wa Kongowea

Kaka, jina lako silijui, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Wewe ndiye uliyesimama na mdogo wangu sokoni Kongowea, Mombasa, jioni ile, alipokuwa ameshusha magunia ya viazi tangu alfajiri na tajiri wake akamwambia arudi kesho kuchukua ujira.

Hukupiga kelele. Ulimwamkia yule mzee kwa adabu, ukamuuliza kijana atavukaje feri kurudi Likoni na wanaomngoja nyumbani watakula nini. Ukakaa papo hapo mpaka pesa zikahesabiwa zote. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe siku yake, kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo. Mimi hiyo sura nimeisikia kanisani mara nyingi. Kwako niliiona ikitendwa, na tena kwa mtu usiyemjua.

Lakini kilichonitoa machozi ni mguu. Alikuwa amekanyaga msumari. Ulinunua maji, ukapiga magoti kwenye tope lile la soko (wanaolijua Kongowea wakati wa masika wananielewa), ukamwosha na kumfunga kwa kitambaa chako cha shingoni. Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu, Yohana 13, akawaambia nao waoshane. Sikukuuliza dini yako, na soda ulikataa.

Alikwenda kudungwa sindano ya pepopunda kesho yake, kama ulivyomsisitiza. Kidonda kimefunga. Mama anakuombea kwa kukuita "yule mwanangu wa sokoni". Kitambaa tumekifua, tunacho.