Vijana wafundishwe kukata kwato za kondoo

Mhariri,

Kondoo wengi wa Magu, Misungwi na Sengerema wana nywele fupi, si sufu, kwa hiyo hawanyolewi. Mkasi unaohitajika zizini ni wa kwato, na inasikitisha kuona kijana anakabidhiwa zizi zima bila kuonyeshwa namna ya kuushika.

Kondoo akalishwe kwa makalio, mgongo uegemee magoti ya mkataji. Akikaa hivyo hutulia. Jike mwenye mimba kubwa aachwe kabisa. Tope litolewe kwanza kwa kijiti, ndipo ukingo uliojikunja ukatwe kidogo kidogo hadi ulingane na wayo. Rangi ya waridi ikianza kuonekana, acha hapo hapo! Chini yake kuna damu. Anayejifunza hukosea kwa kukata ncha yote kwa mkupuo mmoja, hasa kiangazi kwato zikiwa ngumu. Baada ya mvua huwa laini.

Ukwato unaonuka na kuachana na nyama umeshaoza. Ni ugonjwa wa bakteria, na matope ya kandokando ya ziwa huusambaza. Huyo msimchonge, mtachelewesha kupona. Atengwe, aitwe afisa mifugo. Mkasi usafishwe kwa dawa kila baada ya kondoo mmoja.

Wazima wasimamishwe dakika 15 katika maji ya sulfeti ya zinki, dawa ya kukinga kwato zisioze, kilo 1 kwa lita 10. Wanyweshwe maji safi kwanza, maana wakiwa na kiu watayanywa hayo, nayo ni sumu.

Wafugaji,
Misungwi, Mwanza