Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa redio yetu: dakika za vifo zisiuzwe mara mbili

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUTENGA SAA ZISIZO NA MATANGAZO YA BIASHARA MTANDAONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekuwa msikilizaji wa redio yenu tangu mlipokuwa na mnara mmoja, na tangu kazi iliponihamishia Mwanza, ambako masafa yenu ya FM hayafiki, nawasikiliza kwa simu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wote walio mbali na mnara wenu, nao hawana namna ya kufika ofisini kwako.

Usiku mmoja mwanzoni mwa mwaka huu, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, mtangazaji wenu alianza kusoma matangazo ya vifo. Nilikuwa naosha vyombo, simu nimeiegemeza dirishani. Likatajwa jina la mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, nikafunga bomba ili nisikie vizuri. “Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, hasa…” na hapohapo sauti ikakatwa, akaingia kijana mchangamfu akinialika kubashiri mechi nishinde mamilioni. Likafuata tangazo la sabuni ya unga. Niliporudishwa studio, alikuwa anasomwa marehemu mwingine. Mahali pa maziko sikupasikia, wala saa. Nilikuja kuyajua kesho yake saa nne asubuhi, baada ya kupiga simu tano, na maziko yalikuwa adhuhuri ya siku hiyohiyo. Kutoka huku hadi pwani kwa basi ni safari ya kutwa nzima na usiku juu yake.

Waliokuwa wakisikiliza kwenye FM hawakukatiwa hata neno. Rafiki yangu aliyewahi kuwa fundi mitambo alinieleza kwamba seva inayorusha sauti mtandaoni inaweza kupangiwa kuingiza matangazo yake yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, bila kujua studio inasoma nini. Studio ikituma ishara kwamba mapumziko yameanza, seva huingia palepale palipo na nafasi. Ishara isipotumwa, mashine hufuata saa yake na kukata popote itakapoangukia, iwe katikati ya habari, ya dua au ya jina la mtu.

Kiswahili chetu kimeviita vyote kwa neno moja: matangazo ya mpira, matangazo ya vifo, matangazo ya biashara. Huenda ndiyo maana jambo hili halikumshtua mtu ofisini kwenu. Lakini tangazo la kifo nalo ni biashara iliyokamilika: mfiwa amekuja mapokezi, ameandika majina kwenye karatasi, amelipa, amepewa risiti. Mnapoliweka tangazo la kubashiri juu ya dakika ile, mnakuwa mmeiuza mara mbili, na mnunuzi wa kwanza hana habari. Msiniambie kwamba alilipia FM tu. Mtangazaji wenu mwenyewe ndiye anayesoma “popote walipo”, na sisi tulio mtandaoni ndio hao wa popote.

Kero ya pili ni ndogo, ila ni ya kila siku. Mawasiliano yakikatika na simu ikajiunga upya, mnaanza kwanza na tangazo ndipo mturudishe kwenye kipindi. Wiki iliyopita, ndani ya daladala kutoka Buhongwa hadi mjini, mtandao ulikatika mara nne, na mara nne nikasikilizishwa sabuni ileile. Abiria wa jirani alidhani naipenda.

Kuhusu bando sitalalamika sana. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa, kwa hiyo tangazo la nusu dakika halifiki hata robo ya megabaiti. Hata hivyo, msikilizaji wa FM hulisikia tangazo lenu bure, na sisi tunalinunua. Angalau mtuachie saa chache tunazonunua habari tupu.

Ombi langu, basi, ni hili: seva isiingize tangazo lolote la biashara wakati wa taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, ya saa saba mchana na ya saa mbili usiku, pamoja na matangazo ya vifo yanayozifuata, na mwezi wa Ramadhani muongeze dakika zinazozunguka adhana ya magharibi. Kwa kuwa sauti ya mtandaoni hufika ikiwa imechelewa kwa sekunde kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya dakika, saa ya kufungia isiwe ile ya studio kamili. Iachiwe nafasi mbele na nyuma. Siku habari zikirefuka, fundi wa zamu aachiwe uwezo wa kuizuia seva kwa mkono. Kisha ratiba hiyo itangazwe hewani na iandikwe kwenye ukurasa wenu, ili aliye mbali ajue ni saa ngapi ategemee kusikia bila kukatizwa. Mpira sikuuombea, kwa kuwa mapumziko yake yanajulikana na matangazo yanatosha humo.

Najua kuna leseni, kuna seva, kuna mirabaha ya wanamuziki na mishahara. Ndiyo sababu siombi muondoe matangazo. Taarifa ya habari inaweza kupata mdhamini mmoja anayetajwa mwanzoni na mwishoni, na nadhani atalipa vizuri kwa kujulikana kuwa ndiye aliyewanyamazisha wengine. Ujerumani, mashirika ya umma ya ARD na ZDF hayaruhusiwi kurusha matangazo ya biashara katika televisheni zao kuu baada ya saa mbili usiku, wala Jumapili. Wao wana ada ya kila kaya, nanyi hamna, lakini mimi nawaomba dakika chache tu, si usiku mzima. Wazo la kutuuzia usikilizaji usio na matangazo kwa malipo ya mwezi, ambalo nimesikia linajadiliwa, silikatai kwa muziki. Kwa vifo silikubali, maana dakika hizo mfiwa ameshazilipia.

Naomba mwanzie na saa mbili usiku pekee kwa mwezi mmoja, na mtueleze hewani tarehe ya kuanza. Mwezi ukiisha, waulizeni watu wa mapokezi kama wafiwa bado wanarudi kulalamika kwamba ndugu zao wa mbali walisikia jina la marehemu wasisikie mahali pa maziko.

Wako katika usikilizaji,
Msikilizaji wa Buhongwa, Mwanza