Kwa mdogo wangu, kabla hujaenda kuonana na shule

Mdogo wangu,

Ile barua ya shule, ya kukuonya kwamba mwanao anakosa masomo mno, nimeisoma mpaka kwenye sahihi, na hasira zako nazielewa. Mtoto aliugua, simu ulipiga, halafu unaandikiwa kana kwamba ulimficha uvunguni. Lakini kabla hujaenda kumfokea mwalimu wa darasa, nisikilize mimi niliyeshika daftari la mahudhurio miaka mingi.

Barua kama hiyo mara nyingi haijaandikwa na mtu. Mtoto akifikia kiwango fulani cha kukosa, kompyuta inaitoa, jina linajazwa, na sahihi ya mwalimu mkuu imeshawekwa. Haijui surua wala msiba. Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 10 ya muda wa masomo. Uingereza, mwanafunzi akikosa kiasi hicho au zaidi huingizwa kwenye kundi la wanaokosa mno. Marekani, majimbo mengi yana kipimo hichohicho, na hata siku alizougua kwa ruhusa zinahesabiwa. Kwa mwaka wa masomo wa siku 190, hizo ni siku 19, karibu wiki nne za masomo, na hapo shule ina haki ya kushtuka. Ila mwanzoni mwa mwaka hesabu inadanganya: zikiwa zimepita siku 20 tu, aliyekosa 2 tayari yumo. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: hiyo asilimia ni ya siku ngapi?

La pili, omba wakuchapie mahudhurio yake siku kwa siku. Usikubali asilimia peke yake. Shule nyingine huita majina asubuhi na mchana, na mtoto akifika daftari limeshafungwa huandikwa hayupo kwa nusu siku nzima, ingawa yuko darasani anaandika. Wazazi wa asubuhi za purukushani (na wewe ni mmoja wao, usinibishie) huumia hapo bila kujua. Angalia pia sababu iliyoandikwa. Shule nyingi zinataka mtoto aliyetapika au kuharisha akae nyumbani saa 48 tangu hali hiyo ilipokoma, na mwenye tetekuwanga mpaka malengelenge yote yakauke. Unatii, kisha unaandikiwa barua ya onyo! Jambo hilo liliniudhi hata nilipokuwa mwalimu. Siku ulizotii sharti lao zisibaki zimeandikwa "bila sababu". Waandikie ujumbe, utaje tarehe, kwa sababu aliyepokea simu yako hakuacha alama yoyote.

Hayo ni mepesi. Kuna lile la tumbo.

Umenieleza mara kadhaa kwamba tumbo humuuma asubuhi, na ikifika saa nne anacheza. Mpwa wangu hadanganyi. Mtoto mwenye hofu huumwa tumbo kweli, na basi la shule likishapita hofu inashuka na tumbo linatulia. Ndiyo maana naitaka ile karatasi ya siku kwa siku. Iweke pembeni ya ratiba ya vipindi. Siku alizokosa zikiangukia Jumanne na Alhamisi kila mara, uliza Jumanne na Alhamisi kuna nini: mwalimu fulani, michezo ya kubadilisha nguo mbele ya wenzake, mtoto anayemsubiri chooni. Muulize mkiwa mnatembea au mnaosha vyombo. Ukimkalisha na kumkazia macho hatasema.

Ukishajua, usiifunike hofu yake kwa kisingizio cha homa. Najua huruma inakusukuma kuandika "aliumwa" ili yaishe, lakini ukiwaambia tumbo, watadai cheti cha daktari na watakuwa wamemaliza kazi yao. Ukiwaambia mtoto anaogopa, na anaogopa nini, mzigo unahamia mezani kwao. Hapo unaweza kudai abadilishiwe kiti, apokewe getini na mtu anayemwamini, au aanze kwa nusu siku kwa muda. Na kabla hujaondoka, mliyokubaliana yaandikwe: nani atafanya nini, na lini mtakutana tena. Nenda na shemeji, mmoja aongee, mwingine aandike.

Watakukumbusha kwamba mahudhurio ni haki ya mtoto. Ni kweli: Ibara ya 28 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inazitaka serikali zichukue hatua za kuhimiza mahudhurio. Ibara hiyohiyo inataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Kwa hiyo wakitaka kumsomea jina mbele ya wanafunzi wote, au kumnyima safari ya darasa kwa siku alizolala na homa, kataa palepale bila kupandisha sauti. Mengine mtaelewana.

Dada yako