Kikao kimesogezwa: vibarua wa shamba la mbegu

Ndugu zangu, habari za jioni.

Kikao si Ijumaa tena. Ni Jumamosi saa 3 asubuhi, nje ya lile ghala la kukaushia mbegu. Ndani hapafai: paa linavuja na popo wameshahamia.

Tunaandaa barua ya kudai malimbikizo ya ujira wetu wa miezi 4. Najua wakubwa watasema shamba la serikali halizalishi. Litazalishaje? Mahindi ya mbegu chotara yasipong'olewa mbelewele (yale maua dume ya juu) kwa wakati, mistari ya majike, ile inayobeba mbegu, inajichavusha yenyewe na mkaguzi anaikataa mbegu. Msimu uliopita tuliitwa siku 6 tu, tena mbelewele zikiwa zimeshamwaga chavua. Hilo lazima liandikwe.

Kila mtu aje na:
1. Kadi ya mahudhurio, hata kama imechanika.
2. Jina la mwenzetu aliyefariki akiwa anadai. Mrithi wake akiweza, aje.

Mchango wa kuchapisha barua ni uleule tuliokubaliana. Mweka hazina anapokea hadi Alhamisi jioni.

Mama zetu wa kuchambua mbegu, msikae nyuma, ninyi ndio mliohesabu magunia.

Tafadhali jibuni NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 12 jioni. Atakayenyamaza nitampigia mwenyewe.