Barua kwa Zuhura: kaskazini ya Uskoti kwa gari

Glasgow

Zuhura shoga yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika na mpango wenu nimeusoma wote. Nimefurahi kwamba wewe na shemeji Rashidi mmechagua kuzunguka Uskoti kwa gari badala ya kwenda kujibana London. Ila siku tano kwa duara zima la North Coast 500 hazitoshi, na naomba mlibadili hilo kabla hamjalipia chochote. Njia ile ni kama maili 516, yaani kilomita 830, inaanzia Inverness na kuishia papo hapo. Kwenye ramani inaonekana ndogo. Lakini upande wa magharibi na kaskazini barabara nyingi zina upana wa gari moja tu, na mkipata wastani wa maili 30 kwa saa mshukuru. Mkilikimbiza duara mtakachokiona ni lami.

Ningekuwa mimi, ningechukua upande wa magharibi peke yake. Laleni Shieldaig au Torridon siku mbili, Ullapool mbili, Lochinver mbili, Durness mbili, kisha rudini Inverness kwa kukata katikati kupitia Lairg. Pembe ya Thurso, John o' Groats na Wick iacheni. Watu hufika John o' Groats wakidhani ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya Uingereza bara, kumbe ncha yenyewe ni Dunnet Head. Uzuri mkubwa wa njia hii uko magharibi, na magharibi ndiko kunakotaka muda.

Gari lichukulieni Inverness, maana treni kutoka Edinburgh au hapa Glasgow ni saa tatu na nusu hivi, na shemeji atafika hajachoka. Chagueni dogo, la aina ya Toyota Yaris, ambalo nyumbani tunaliita Vitz. Msikubali kushawishiwa na gari la kulala ndani: yale mapana ndiyo yanayoziba njia. Na sheria ya mwaka 2003 inayowaruhusu watu kutembea na kupiga hema kwenye ardhi ya wazi haihusu vyombo vya moto. Gari la bei rahisi huku huwa la gia za mkono, kwa hiyo kama shemeji amezoea otomatiki tu, iombeni mapema na iandikwe kwenye mkataba. Leseni ya Tanzania mgeni anaruhusiwa kuitumia hadi miezi 12. Kinachokwamisha wengi kaunta ni kadi: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili zishikilie dhamana, na kadi ya kawaida ya ATM hukataliwa. Ulizeni kwa maandishi kabla. Na wewe ukitaka kumpokea usukani, jina lako liandikwe pia, la sivyo bima haikuhusu.

Kwenye bima someni kipengele cha matairi, vioo na uvungu wa gari, kwa sababu mara nyingi havimo. Tatizo la barabara zile ni kingo za lami: zimemeguka na zina mawe makali. Dereva mgeni akiona gari linakuja huhofu, akatoa magurudumu ya kushoto nje ya lami, na jiwe likapasua ubavu wa tairi. Magari mengi ya siku hizi hayana spea, yana kopo la dawa ya kuziba pancha, na dawa hiyo haizibi ubavu uliochanika. Mtakaa hapo saa nyingi mkingoja gari la kuvuta. Kwa hiyo ulizeni kama lipo lenye spea, na msitoke nje ya lami kamwe.

Badala ya kutoka nje, tumieni sehemu za kupishana. Kila umbali mfupi lami inatanuliwa kidogo na pana bango jeupe. Ukiona gari linakuja na sehemu ya kupishana iko kushoto kwako, ingia usimame. Ikiwa iko kulia kwako, usivuke kwenda kulia: simama kwenye njia, mkabala nayo, yule wa mbele aingie yeye. Mkikutana katikati, aliye karibu zaidi na sehemu hiyo ndiye anayerudi nyuma, na anayepanda mlima hupewa nafasi inapowezekana. Shemeji afanye mazoezi ya kurudi nyuma kwa vioo vya pembeni huko huko Tanga. Mtu akiwamulika taa, kwa kawaida maana yake ni "njooni, nimewangoja," si ile ya nyumbani ya "kaa pembeni." Mnapopita, inueni mkono kushukuru.

Jambo jingine wageni hulisahau: sehemu zile ni za kuwapisha walio nyuma yenu pia. Anayewafuata huenda ni muuguzi au basi la shule. Mkiona gari limewafikia, ingieni kushoto lipite. Na msiegeshe hapo ili mpige picha, hata dakika mbili. Ndilo kosa linalowaudhi wenyeji kuliko yote.

Mwezi wa Mei kuna wanakondoo kila mahali. Mwanakondoo akiwa upande mmoja na mama yake upande wa pili, jueni atavuka, na atavuka mkiwa mmeshamkaribia. Jioni ni zamu ya paa wakubwa. Mabango ya mwendo ni ya maili: 60 ni karibu kilomita 97 kwa saa, na kwenye njia ya gari moja hiyo 60 ni ruhusa tu, haina maana kwamba mwendo huo unafaa.

Sasa njia yenyewe. Siku ya kwanza nendeni moja kwa moja hadi Shieldaig kupitia Achnasheen na Lochcarron, mlale. Njia ya mlimani ya Bealach na Bà iwekeni asubuhi ya pili, shemeji akiwa ameshazoea kupishana. Kutoka Tornapress, karibu na usawa wa bahari, barabara inapanda hadi mita 626, ina kona za kujikunja na miteremko ya asilimia 20, halafu inashuka Applecross. Jumla ni kama maili 11. Chini pana bango linaloonya wanaojifunza udereva, magari makubwa sana na karavani wasipite. Anzeni kabla ya saa tatu asubuhi, misururu haijaanza. Kupanda na kushuka ni gia ya pili au ya kwanza. Kwa otomatiki, hamisheni kwenye L au M. Mkishuka kwa kukanyaga breki mfululizo zitapata moto, mtasikia harufu, na pedali italegea. Ikitokea hivyo, simameni mahali salama hadi zipoe. Na kama wingu limefunika kilele, acheni: hamtaona bahari wala kisiwa cha Skye, na mbaya zaidi hamtaona anayekuja. Iko njia ya pwani kutoka Shieldaig hadi Applecross, kama maili 24, haina mpando wa kutisha. Kukiwa kweupe pandeni kwa mlima mrudi kwa pwani.

Kutoka Torridon kwenda Ullapool msipite njia fupi. Fuateni barabara ya A832 kando ya ziwa la Loch Maree, chini ya Beinn Eighe, ambayo ni hifadhi ya taifa ya mazingira ya kwanza kabisa Uingereza, tangu 1951. Kisha Gairloch, halafu Poolewe kwenye bustani ya Inverewe. Bustani hiyo Osgood Mackenzie aliianza 1862 kwenye rasi ya mawe matupu. Iko kaskazini kuliko Moscow, lakini mkondo wa bahari ya Atlantiki unaleta uvuguvugu, na miti mirefu aliyoipanda inakata upepo wa chumvi. Ndiyo maana mimea ya Chile na Himalaya inastawi pale. Mwezi wa Mei maua yake yamechanua. Wekeni saa mbili kamili. Kabla ya Ullapool shukeni Corrieshalloch, korongo jembamba lenye maporomoko ya mita 46 na daraja la kuning'inia juu yake. Mwenye kizunguzungu cha vimo asilazimishwe.

Ullapool jazeni tangi na kapu. Ndipo penye duka kubwa la mwisho la vyakula upande huo. Kutoka hapo ni maduka madogo yanayofunga mapema, na Jumapili mengine hayafunguliwi. Kanuni ya mafuta ni kwamba sindano ikifika nusu, jazeni. Bomba la kijani ni petroli na jeusi ni dizeli. Pampu za vijijini nyingine hazina mtu, ni kadi tu, na benki hushikilia kwa muda kiasi kikubwa kuliko mlichotia, kwa hiyo kadi isiwe imekauka.

Stac Pollaidh ni mlima wa mita 612, lakini hamna haja ya kileleni, ambako lazima mtambae kwa mikono. Njia ya kuuzunguka ni kama kilomita 4.5, saa mbili na nusu kwa mwendo wenu, na mandhari ni ile ile ya maziwa na milima iliyosimama mmoja mmoja. Maegesho hujaa mapema. Lochinver ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa ajili ya pwani ya Achmelvich na magofu ya ngome ya Ardvreck kando ya Loch Assynt. Barabara ya B869 kutoka huko kuelekea Kylesku ni ya kona na mipando mikali. Ipeni nusu siku. Daraja la Kylesku, la mwaka 1984, liangalieni kutoka chini yake.

Durness kuna pango la Smoo, bure kuingia, mdomo wake karibu mita 40 kwa upana, na pwani ya Balnakeil. Maji yake yana rangi ya Pemba na mchanga mweupe vile vile. Msidanganyike: mwezi wa Mei ni nyuzi 10 tu. Mtu akijitupa ghafla pumzi hukatika na huvuta maji bila kutaka. Miguu inatosha. Sandwood Bay ni maili nne kwenda na nne kurudi kwa miguu kutoka Blairmore, hakuna choo wala kivuli, lakini siku kavu inastahili jasho lote. Kurudi, A838 kutoka Laxford Bridge hadi Lairg inapita kando ya Loch More na Loch Shin, tulivu sana, nayo bado ni njia ya gari moja.

Kuhusu chakula, hoteli na mikahawa ya huko msitegemee nyama ya halali. Nunueni kwangu Glasgow, tuigandishe, mbebe kwenye boksi la barafu, na mpange nyumba za kujipikia angalau nusu ya safari. Samaki na kamba wako tele na wazuri mno. Ila kwenye vibanda vya samaki na chipsi ulizeni wanakaangia nini, kwa sababu Uskoti wengi hutumia mafuta ya ng'ombe, si ya mimea. Kifungua kinywa cha nyumba za wageni kina nguruwe, mara nyingi kikaango kimoja na mayai. Waambieni siku ya kuweka nafasi kwamba mnataka uji wa oti, mayai ya kuchemsha au samaki wa moshi. Hawaoni taabu.

Sala nazo zinataka maandalizi. Mwishoni mwa Mei jua hutua karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kiza hakiingii kamili, kwa hiyo programu za simu hutoa nyakati za Isha na Alfajiri zinazopishana mno. Muulizeni shekhe wenu kabla hamjaondoka kuhusu kadirio na kuhusu kukusanya na kupunguza mkiwa safarini. Kibla huku ni kusini-mashariki, si kaskazini kama Tanga. Na kitambaa cheusi cha macho kitawasaidia kulala.

Mje kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Juni. Baada ya hapo usubi huanza, na Julai na Agosti ni adhabu. Hutoka asubuhi na jioni kukiwa na mawingu na hewa imetulia. Upepo wa kilomita 11 kwa saa unatosha kuwazuia. Nunueni chandarua cha kichwa, ni pauni chache. Mkitoka kwenye majani marefu kaguaneni kupe, nyuma ya magoti na kiunoni, mng'oe kwa kibano kwa kuvuta polepole juu. Msipake mafuta wala kuchoma, maana kupe hutapika na ndipo maradhi ya Lyme yanapoingia.

Nguo: baridi ya Mei mchana ni kama Lushoto mwezi wa Julai, lakini ongeza upepo na mvua ya kupinda. Fulana ya sufu ndani, sweta, kisha koti lisilopitisha maji. Jinzi zikilowa hazikauki. Mwavuli hausaidii, utageuzwa nje ndani. Baibui liwe la gari na mji. Kwenye njia za milimani pindo litakokota tope, vaa gauni la chini ya magoti juu ya suruali ya mvua. Mkirudi garini mmelowa vioo vitafunga ukungu. Washeni AC pamoja na joto, mwelekezee kioo cha mbele: AC hukausha hewa hata kukiwa na baridi, na kioo hutakata ndani ya dakika. Pakueni ramani kwenye simu kabla, mtandao hukatika bonde zima. Chaja zenu za Tanzania zinaingia bila adapta. Noti za pauni zilizotolewa na benki za Uskoti zibadilisheni kwa za Bank of England kabla ya kuondoka, maana maduka ya fedha nyumbani huzikataa.

Nyumba za Lochinver na Durness ni chache na Februari huwa zimeanza kuisha. Niletee tarehe zenu kamili wiki hii, na jibu la shemeji kuhusu gia, ili nipige simu kuulizia gari lenye spea.

Nisalimie mama na watoto wa dada.

Wako,
Mwanahamisi